Katika msafara wa mizigo, mjusi naye yumo

Na Mwandishi Wetu, Masuala ya Kanda

Visiwa vya Karibi vinafanya biashara ya ujirani kama tunavyofanya sisi. Leo mjusi wao wa asili yuko hatarini kutoweka kwa sababu ya mgeni anayesafiri ndani ya makontena. Wanaohangaika kumwokoa wamejifunza kwamba dawa si kufunga bandari.

WACHUUZI wa Dominica, wengi wao wanawake, wamekuwa wakivusha ndizi, magimbi, viazi vikuu na machungwa kwenda visiwa jirani kwa miaka mingi. Wanauza Guadeloupe, Antigua na St. Martin, kisha wanarudi na bidhaa za dukani. Lugha yao ya Krioli, inayosikika pia Guadeloupe na Martinique, inawafanyia kazi ileile ambayo Kiswahili kinatufanyia sisi kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Mama anayevusha nyanya Namanga au mchele Mutukula angekaa nao bandarini Roseau saa moja tu, wangeelewana: forodha inachelewesha, nauli imepanda, mzigo unaoza.

Lakini katika bahari hiyohiyo kuna abiria mwingine anayevuka bila pasipoti wala stakabadhi. Ni iguana wa kijani, mjusi ambaye urefu wake unaweza kufika mita moja na nusu. Anasafiri ndani ya makontena, katikati ya mbao, chini ya magari na ndani ya shehena ya miche ya bustani. Kila kisiwa anachoingia na kuzaana, mjusi mwingine aliyekuwapo hapo kabla binadamu hajafika huanza kupotea. Wahenga walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Huko Karibi, katika msafara wa mbao na saruji, iguana yumo.

Kisa hiki kimetokea mbali, ng'ambo ya Atlantiki. Hata hivyo, mtu yeyote anayeishi kwa kuvusha mizigo mpakani atakifahamu upesi, kwa kuwa kinahusu mambo anayokutana nayo kila siku: bidhaa, ukaguzi, majirani wenye sheria tofauti, na hasara inayogawanywa kwa watu wote wakati faida ilienda kwa wachache.

Mjusi mla majani

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia mjusi mkubwa humfikiria kenge. Iguana si kenge. Kenge hula nyama, mayai, samaki na vifaranga vya watu. Iguana hula majani, maua na matunda. Tumbo lake lina vijidudu vinavyochachusha majani na kuyageuza chakula, kazi inayofanana na ile inayofanyika katika tumbo la ng'ombe. Asubuhi huota jua ili mwili upate joto, kwa sababu bila joto hilo chakula hakisagiki. Chumvi inayozidi mwilini huitoa kwa kupiga chafya, ndiyo maana iguana wengi huonekana na unga mweupe puani.

Anayezungumziwa hapa anaishi katika msururu wa visiwa vya mashariki mwa Karibi viitwavyo Antili Ndogo, na hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Wanasayansi wanamwita Iguana delicatissima, jina alilopewa mwaka 1768. Neno hilo la Kilatini lina maana ya kitu laini au kitamu kupita kiasi, na halikutoka hewani: watu wa visiwa hivyo walimwinda na kumla kwa karne nyingi.

Mtoto wa iguana huyu hutoka kwenye yai akiwa wa kijani kinachong'aa. Anapokua, rangi hufifia kuelekea kijivu, na dume mzee huwa mweusimweusi, kichwa chake kikipata rangi ya waridi msimu wa kupandana. Mgongoni ana safu ya miiba laini, na chini ya kidevu ananing'iniza ngozi pana kama kitambaa.

Jike hutaga mara moja kwa mwaka. Kisiwani Dominica, majike hushuka kutoka vilimani hadi pwani kutafuta udongo mlaini unaopata jua la kutosha. Huko huchimba mashimo, hutaga mayai kati ya manane na 18, hufukia na kuondoka. Mayai hukaa ardhini karibu miezi mitatu. Mahali pazuri pa kutagia ni pachache, kwa hiyo majike wengi hutumia eneo moja, na wengine hufukua mayai ya wenzao ili kuweka yao.

Safari hiyo ya kwenda pwani ndiyo inayowaua wengi. Barabara kuu ya magharibi mwa Dominica inapita kandokando ya bahari, kati ya vilima na maeneo ya kutagia. Jike mwenye mayai ni mzito, haendi mbio, na dereva haoni kitu hadi amechelewa. Gari moja likimgonga, mayai yote ya mwaka huo yamekwenda naye.

Mtu anaweza kuuliza: mjusi ana faida gani? Jibu ni mbegu. Visiwa hivi havikuwa na swala, tembo wala nyani wa kula matunda na kusambaza mbegu msituni. Kazi hiyo ilifanywa na ndege, popo na iguana. Mbegu nyingi anazomeza hupita tumboni zikiwa hai, hutoka na mbolea yake, na kuota mbali na mti mama. Kisiwa kinachompoteza kinapoteza mpanzi wa misitu yake, na msitu ndio unaoshika udongo wa milima mikali kimbunga kinapopiga.

Orodha ya visiwa vilivyompoteza tayari ni ndefu. Ametoweka Antigua, Barbuda, St. Kitts, Nevis, St. Martin na Marie-Galante. Sababu za mwanzo zilikuwa uwindaji, mashamba ya miwa yaliyofyeka misitu, mbuzi waliomaliza majani, na paka, mbwa na nguchiro walioletwa na watu. Lakini sababu inayotisha kuliko zote leo ni nyingine, na inafanana naye kwa sura.

Mgeni anayefanana na mwenyeji

Iguana wa kijani asili yake ni bara la Amerika, kuanzia Mexico hadi Brazili, pamoja na baadhi ya visiwa vya karibu. Ni ndugu wa karibu wa yule wa Antili Ndogo, kiasi kwamba wawili hao wakikutana hupandana na kuzaa. Watoto wao si tasa kama nyumbu anayezaliwa na punda na farasi. Chotara wa iguana huzaa, na watoto wake huzaa, na kila kizazi damu ya mwenyeji inapungua.

Hesabu yenyewe ni ya biashara isiyo na ushindani. Jike wa asili hutaga mayai yasiyozidi 18 au zaidi kidogo. Jike wa kijani anaweza kutaga kati ya 20 na 70. Weka maduka mawili mtaani, moja likiingiza mzigo mara tatu au nne ya jingine kila mwaka, na duka dogo liwe linampa mwenzake wateja wake na hata watoto wake wa kurithi. Baada ya miaka kadhaa halitabaki hata jina.

Hatari ya mgeni huyu ni kwamba haonekani kama hatari. Haui mwenyeji kwa meno. Anakula majani yaleyale, anaota jua kwenye mwamba uleule, na mtu asiyejua akitazama anaona iguana wengi na kudhani hali ni nzuri. Kumbe wengi wao ni wageni au machotara. Iguana wanaendelea kujaa kisiwani, ila wa asili hayupo tena.

Wanaowafahamu huwatofautisha kwa alama mbili. Iguana wa kijani ana gamba kubwa la mviringo shavuni, chini ya sikio, na mkia wenye mistari myeusi ya kuzunguka. Yule wa asili hana gamba hilo, na mkia wake hauna mistari. Chotara huwa na alama zilizochanganyika, na wakati mwingine macho hayatoshi. Inabidi kupima vinasaba maabara. Watoto wa aina zote mbili ni wa kijani, jambo linaloongeza kazi ya kuwatambua.

Mtaalamu wa Kifaransa Michel Breuil, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Guadeloupe na Martinique kwa miaka mingi, ni miongoni mwa waliotoa tahadhari mapema juu ya machotara hao. Katika visiwa vidogo vya Les Saintes, jirani na Guadeloupe, alionyesha jinsi mwenyeji alivyomezwa na mgeni. Martinique nako iguana wa kijani walipelekwa na watu kutoka Les Saintes katika miaka ya 1960. Wachache hao walianzia katika ngome ya Fort Saint-Louis, jijini Fort-de-France, kisha wakasambaa.

Mwaka 2018, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, ulimweka iguana wa Antili Ndogo katika daraja la walio hatarini mno kutoweka. Baada ya daraja hilo hakuna jingine isipokuwa kutoweka porini, na mwisho kutoweka kabisa.

Magogo, makontena na misaada

Mjusi huyu anavukaje bahari? Njia moja ni ya asili, na ushahidi wake ni mashuhuri. Mwezi Septemba mwaka 1995, vimbunga Luis na Marilyn vilipita katika visiwa hivyo kwa kufuatana. Tarehe 4 Oktoba, wavuvi wa Anguilla waliona chelezo la magogo na miti iliyong'olewa na mizizi yake likisukumwa ufukweni, na juu yake walikuwamo iguana wa kijani wasiopungua 15. Kabla ya hapo Anguilla haikuwa na iguana wa aina hiyo. Watafiti walihitimisha kwamba huenda walitokea Guadeloupe, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1998 katika jarida la Nature.

Njia ya pili ni yetu sisi binadamu, na hiyo haisubiri kimbunga. Meli zinazohudumia visiwa vidogo hupakia mizigo katika bandari kubwa ambako iguana wa kijani wamejaa. St. Maarten ni mojawapo: bidhaa nyingi huteremshwa hapo, hugawanywa, kisha hupelekwa visiwa vidogo jirani. Kontena likikaa wazi uwanjani kwa siku chache, mjusi anayetafuta kivuli huingia. Mlango ukifungwa, amekata tiketi.

St. Eustatius ni kisiwa cha kilomita za mraba 21 tu, chini ya Uholanzi. Iguana wake wa asili wamebaki mia chache, na vipimo vya vinasaba vinaonyesha kwamba wanafanana mno kwa damu, dalili ya ukoo uliopungua sana. Mwanzoni mwa mwaka 2016 alikamatwa hapo jike wa iguana wa kijani, na baadaye wakapatikana machotara. Kwa jamii ndogo kama hiyo, jike mmoja aliyetoka na mzigo anaweza kufanya kazi ambayo wawindaji wa karne nzima hawakuimaliza.

Kisha ikaja Dominica. Kisiwa hiki ndicho ngome kuu ya iguana wa asili, na kwa muda mrefu hakikuwa na wale wa kijani. Tarehe 18 Septemba 2017 kimbunga Maria kilikipiga kikiwa katika daraja la tano, la juu kabisa. Mapaa yaling'oka kisiwa kizima, mashamba yalilala, misitu ilibaki mashina. Dunia ikatuma misaada: vyakula, mahema, mbao, mabati, mashine. Hakuna mwenye akili angesimama bandarini kuchelewesha mizigo hiyo wakati watu wamelala nje.

Muda mfupi baadaye, iguana wa kijani walianza kuonekana Dominica. Wahifadhi wanaamini waliingia na shehena za misaada. Tangu hapo idara ya misitu na wanyamapori ya nchi hiyo na washirika wake wamekuwa wakiwasaka na kuwaondoa, huku wananchi wakiombwa kutoa taarifa wanapomwona mjusi mwenye mkia wa mistari. Ni kazi ya kukimbizana na muda, maana kila msimu wa kutaga ukipita bila kuwamaliza, hesabu inaanza upya.

Gharama ya kuchelewa inaonekana katika visiwa vya Cayman, magharibi mwa Karibi. Huko iguana wa kijani waliachwa waongezeke hadi kufikia zaidi ya milioni moja katika kisiwa cha Grand Cayman. Oktoba 2018 serikali ilianza kuwalipa wawindaji kwa kila kichwa, na katika muda wa chini ya miaka miwili waliuawa zaidi ya milioni moja. Fedha hizo zililipwa na mlipakodi, si na aliyewaingiza. Na hata baada ya kazi hiyo uwindaji haukuweza kusimama, kwa sababu waliobaki wanaendelea kutaga.

Bendera nne, mjusi mmoja

Ugumu wa kumlinda iguana wa Antili Ndogo unatokana pia na ramani. Visiwa anavyoishi viko chini ya bendera nne. Dominica ni jamhuri huru tangu mwaka 1978. Anguilla ni eneo la Uingereza. Guadeloupe, Martinique na St. Barthélemy ni sehemu ya Ufaransa. St. Eustatius ni ya Uholanzi. Kila bendera ina sheria zake za wanyama, maofisa wake wa forodha, sarafu yake na lugha yake ya ofisini.

Matokeo yake ni kwamba kisiwa kimoja kinaweza kutumia fedha nyingi kuwaondoa iguana wa kijani, huku kisiwa cha jirani, umbali wa saa chache kwa boti, kikiwaona kama mapambo ya hoteli. Mnyama aliyelindwa upande huu anakuwa hana mwenyewe upande wa pili.

Upo mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na iguana hawa wamo katika Kiambatisho chake cha Pili. Maana yake ni kwamba kuwauza nje kunahitaji kibali. Lakini mkataba huo unamzuia mtu anayeuza iguana kwa makusudi. Haukuandikwa kwa ajili ya iguana aliyejipakia mwenyewe chini ya injini ya gari. Hapo panahitajika kitu kingine: majirani wanaokubaliana namna ya kukagua mizigo na wanaopashana habari siku ileile.

Chombo cha kuanzia kipo. Umoja wa nchi za Karibi Mashariki, OECS, ulianzishwa mwaka 1981 kwa mkataba wa Basseterre, na Dominica ni mwanachama tangu mwanzo. Anguilla ni mwanachama mshiriki. Martinique nayo ilijiunga kama mwanachama mshiriki mwaka 2015, na Guadeloupe ikafuata mwaka 2019, ingawa zote mbili ni sehemu ya Ufaransa. Kwa maneno mengine, meza ya kukalia imekwishapatikana kwa visiwa vingi anavyoishi mnyama huyu. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba mazungumzo ya kurahisisha biashara na mazungumzo ya kulinda viumbe yanafanyika kwenye meza hiyo moja, si katika vyumba viwili visivyosikilizana.

Jirani anapotoa mbegu

Pamoja na habari hizo nzito, ipo moja ya kutia moyo, na imetokana na ujirani.

Anguilla, baada ya ule ujio wa mwaka 1995, ilijikuta na iguana wa asili wachache mno, na kati yao machotara walikuwa wakiongezeka. Taasisi ya uhifadhi ya kisiwa hicho, Anguilla National Trust, ikishirikiana na mashirika ya kimataifa, iliamua kuwatafuta waliobaki mmoja mmoja, kupima vinasaba vyao, na kuwahamishia mahali ambapo iguana wa kijani hawajafika. Mahali palipochaguliwa ni Prickly Pear East, kisiwa kidogo karibu na Anguilla. Mwaka 2018 panya wote waliokuwa wakiharibu mayai na miche hapo waliondolewa.

Lilibaki tatizo la damu. Iguana wachache wanaofanana kwa vinasaba wakiachwa peke yao, baada ya muda watoto huwa dhaifu. Mfugaji yeyote anajua: huwezi kuendesha zizi kwa dume mmoja miaka yote. Suluhisho lilitoka kwa jirani. Mwaka 2021 Dominica ilitoa iguana kumi, wakasafirishwa kwa vibali halali hadi Anguilla kwenda kuongeza damu mpya.

Mradi ulianza na iguana 23 tu. Kufikia mwaka 2024 waliohesabiwa walikuwa wamepita 300. Ni idadi ndogo ukilinganisha na mamilioni ya wale wa kijani, lakini ni wa asili, wanazaana, na wako mahali ambapo mgeni akifika ataonekana upesi.

Guadeloupe nayo ina Petite-Terre, visiwa viwili vidogo vilivyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1998, ambako iguana wa asili wanahesabiwa kwa maelfu. Boti za watalii hufika hapo karibu kila siku, na waongozaji, wapishi na manahodha hupata riziki kutokana na mjusi ambaye mababu zao walimweka chunguni.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Kuvuka bahari ndiko kulikomwangamiza mnyama huyu, na kuvuka bahari ndiko kunakomrudisha. Tofauti iko katika jambo moja: safari ya kwanza haikukaguliwa na mtu, na safari ya pili ilipimwa, ikaandikwa, na pande zote mbili zikajua kilichomo ndani ya sanduku.

Sisi tulimjua dumuzi

Mwenye ghala la mahindi Tabora, Kibaigwa au Taita hahitaji kuambiwa maana ya mgeni ndani ya mzigo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mdudu mdogo wa kahawia ambaye asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati alianza kuharibu mahindi ghalani mkoani Tabora. Inaaminika aliingia na mahindi yaliyoletwa kutoka nje. Wakulima walimwita dumuzi, wengine Scania. Gunia lililowekwa zima lilikutwa limejaa unga na makapi.

Mwaka 1983 mdudu huyo aliripotiwa upande wa Kenya, katika eneo la Taveta. Wakumbukao historia watajua kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka yote hiyo ya mpaka kufungwa haikutosha kumzuia dumuzi. Kilichofungwa ni biashara ya wazi, ile inayoweza kukaguliwa. Njia za panya zilibaki, na dumuzi hakuhitaji barabara ya lami.

Hapo ndipo kisa cha iguana na kisa cha dumuzi vinapokutana. Mpaka uliofungwa haumzuii kiumbe mdogo anayejificha. Unamzuia tu ofisa ambaye angemwona. Mpaka ulio wazi bila ukaguzi nao ni mlango usio na bawabu. Kinachofaa ni mpaka ulio wazi na wenye macho.

Mzigo wa nani ukaguliwe?

Wafanyabiashara wadogo wana haki ya kuwa na wasiwasi wanaposikia neno ukaguzi. Mara nyingi linamaanisha foleni, malipo yasiyo na risiti, na nyanya zilizoiva kuliko kiasi. Kapu la mama linapekuliwa hadi chini, na lori lenye lakiri linapita.

Uzoefu wa Karibi unaonyesha kwamba hatari ya iguana haikai katika kapu la ndizi lililopakiwa asubuhi na kuuzwa jioni. Inakaa katika makontena yaliyolala bandarini, miche yenye udongo, mbao, magari yaliyotumika na mitambo. Ukaguzi wa maana hupanga mizigo kwa hatari yake: huharakisha vinavyooza, na hutumia muda kwenye vile vinavyoficha. Hilo ni jambo ambalo vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vinaweza kulidai katika vituo vyetu vya pamoja vya forodha, kuanzia Holili na Taveta hadi Rusumo na Kabanga. Si kuomba kuachwa bila kukaguliwa. Ni kuomba ukaguzi uelekezwe panapostahili.

Mfanyabiashara naye ana sehemu yake, na haina gharama kubwa. Asiache kontena au turubai wazi usiku. Atikise magunia yaliyotumika kabla ya kuyajaza tena. Asivushe miche yenye udongo, mbegu au mnyama hai bila cheti, hata kama ni zawadi kwa shemeji. Na akikuta ndani ya mzigo wake mdudu, mjusi au mmea asioujua, asiutupe kando ya barabara ili kukwepa maswali. Amwite ofisa wa kilimo au wanyamapori aliye kituoni. Nayo serikali, ili mtu asiogope kutoa taarifa, isimgeuze mtoa taarifa kuwa mshitakiwa wa kwanza.

Kwa iguana wa Antili Ndogo, hesabu bado haijafungwa. Dominica inaendelea kuwasaka wageni wake, na Prickly Pear East inaendelea kujaza vifaranga. Kila meli inayotia nanga katika visiwa hivyo ama inaleta bidhaa tu, ama inaleta bidhaa na abiria mmoja wa ziada, na jibu la swali hilo linategemea kama kuna mtu aliyefungua kontena na kuchungulia kabla halijapakiwa.